Nataka Kwenda Kuona Tembo na Mwanamke Aliyenichukulia Mume

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya robota la turubai hapa karakanani, wenzangu wameenda kula, na naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo lenyewe nikimweleza jirani atacheka na nikimweleza ndugu atanuna. Mimi ni mama mtu mzima, kazi yangu kushona mahema, mashine yangu ni ile ya sindano nene karibu na dirisha, na tunachoshona kinapakiwa kwenye lori kwenda kambi za watalii huko kaskazini, mbali kabisa, ambako lami inakatika na wanyama ni wengi kuliko watu, na dereva wa lori kila akirudi anatusimulia alivyosimamishwa njiani na twiga asiyetaka kupisha, na mimi nasikiliza huku naweka zipu kwenye milango ambayo watu wengine watatoka asubuhi kutazama dunia, na mimi mwenyewe, mshauri, sijawahi kulala ndani ya hema hata mara moja.

Basi mwaka huu nimesema liwalo na liwe, nakwenda. Na penye mwiba ni hapa: siendi peke yangu, nakwenda na mwanamke aliyenichukulia mume.

Usitupe barua, endelea kusoma. Mume wangu aliniacha nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine yuko darasani, akahamia kwa msusi mmoja mwenye saluni karibu na soko, na mimi kwa miaka mingi mtaa ule sikuupita, nilikuwa nazunguka hata kama mvua inanyesha, na jina lake halikutajwa nyumbani kwangu, aliitwa "yule". Halafu mume akaanguka kwa kiharusi. Nikaenda hospitali kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yake, nikamkuta yule amepiga magoti anamkata kucha za miguu, hana hata viatu, amechoka mpaka uso umebadilika. Mwanzo tulikaa pale kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Siku moja nikamwambia, "Nenda kale, nitakaa naye." Akaenda. Siku ya pili akaniletea chai. Mgonjwa hakupona, tukamzika, na matanga hayajaisha vizuri ndugu wa marehemu wakamtoa yule kwenye nyumba kwa kuwa hakuzaa, na mimi sijui nini kiliniingia, nikajikuta niko kule namsaidia kufunga mizigo, na tangu hapo yeye ndiye ananisuka kila Jumapili, na hakuna mtu duniani ninayecheka naye kama yeye.

Safari tumeipanga wenyewe. Tumekwenda kwa wakala, tukauliza msimu, akasema twende kiangazi, majani yamepungua na wanyama wanakusanyika penye maji, mvua zikianza barabara ya kule haipitiki. Mwenzangu alitaka kubeba gauni la njano, nikamkataza, nikamwambia porini huvai kama unakwenda harusini, akaniuliza, "Kwani simba amealikwa wapi?" Tumenunua buti, na ili zisituume tunazivaa jioni tukizunguka uwanja wa mpira, mpaka watu wanatuuliza kama tumeandikishwa jeshi. Tumeshalipa, nafasi zetu zipo.

Juzi nikamwambia mwanangu mkubwa. Huyu ni mwalimu wa udereva, mtu wa kanuni, na ndiye aliyekuwa darasani baba yake alipoondoka. Tulikuwa mezani kwake. Nikasema nasafiri, akafurahi, akasema, "Hongera mama, umefanya kazi sana." Akauliza naenda na nani. Nikamtaja. Akaweka kijiko chini.

"Mama, huyo mwanamke nilimwona ananunua nguo na baba siku uliyokuwa unaniambia hakuna viatu vya shule."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Ungejua usingekaa naye meza moja, achilia mbali hema moja. Ukienda naye, ukirudi usinitafute."

Mke wake akajifanya anakusanya vyombo hata ambavyo bado vina chakula. Nikaondoka bila kuaga.

Sasa mshauri, silali. Nikifuta safari nitamvunja moyo mwenzangu, na wangu utakuwa umekufa. Nikienda peke yangu nitakuwa nimemfanyia vile walivyomfanyia ndugu wa marehemu. Nimefikiri nimdanganye mwanangu, nimwambie nimebadili, nakwenda na wanawake wa karakana, maana kule hata simu haishiki, atajuaje? Na jambo jingine la mwisho nakuambia wewe tu: kuna wakati mwenzangu ananisuka, mikono yake iko kichwani mwangu, na najiuliza, hivi mimi nimemsamehe huyu kweli au nimechoka tu kukasirika? Hajawahi kuniomba radhi, na mimi sijawahi kudai. Nifanye nini?

Ni mimi, Mshona Mahema.

MSHAURI ANAJIBU

Mshona Mahema, dada yangu, pole, na sasa kaa sawa maana nitakukaripia.

Uongo huo wa wanawake wa karakana utoe kichwani leo hii. Wewe na mwenzako mmevaa buti mkazunguka uwanja mzima wa mpira, mji umewaona, halafu unataka kumficha mtu ambaye kazi yake ni kuangalia vioo? Atajua kabla basi halijatoka stendi. Na akijua, hatakuwa na hasira na msusi tena, atakuwa na hasira na wewe, na mara hii atakuwa na haki.

Mwanao si mtu mbaya. Unamwona mwanamume mzima mwenye mke na kazi, lakini aliyeweka kijiko chini ni yule mtoto wa darasani asiye na viatu. Wewe ulipata hospitali, ulipata kitanda cha mgonjwa, ulipata chai, ukapata muda wa kumwona adui yako akiwa hana viatu naye. Yeye alipata nini? Uliwahi kumweleza hayo uliyonieleza mimi? Nadhani hapana. Ulimletea habari ya urafiki ulioiva bila kumwonyesha ulivyopikwa, ukashangaa umemkwama kooni.

Kwa hiyo nenda kwake, mchana, wewe na yeye tu, mke asiwepo na msusi asitajwe kwanza. Msikilize amalize. Usimtetee marehemu, usimtetee msusi, usiseme "yamepita", maana kwake hayajapita. Akimaliza, mweleze ya wadi. Halafu mwambie: "Naondoka siku fulani, nakwenda na fulani, narudi siku fulani." Mwambie, usimwombe. Wewe ni mama yake, hukuajiriwa naye. Akinuna, mwache anune. Kununa hakujaua mtu.

Na hilo la kusamehe, dada yangu, acha kujipima kama mgonjwa wa homa. Ukitaka kusikia neno fulani kutoka kwa mwenzako, mdai. Ukiona unaishi bila hilo neno, ishi. Ila usiliweke chini ya ulimi halafu umtabasamie.

Kwa safari yenyewe: mwone daktari kuhusu dawa ya malaria kabla hujaondoka, si ukifika. Beba tochi, kofia pana, na nguo nzito, kwa kuwa nchi kavu huunguza mchana na asubuhi hutetemesha. Mwongoza wageni akisema kaa ndani ya gari, kaa, hata kama tembo anakukonyeza. Mwachie mwanao namba ya wakala hata kama hajaiomba. Na mwambie msusi gauni la njano alibebe, avae siku ya kurudi.

Nenda.

BARUA NYINGINE KUTOKA KWA MSHONA MAHEMA

Mshauri wangu, tumekwenda na tumerudi, na sijui nianzie wapi, lakini acha nianzie kwa mwanangu maana ndiye uliyenituma kwake. Nilimkuta kwenye gari la kufundishia, anasubiri mwanafunzi, nikaingia nikakaa upande wa mwanafunzi. Nikamsikiliza. Aliongea mambo ambayo sikuwa najua anayakumbuka, hata rangi ya mlango wa nyumba ile aliitaja, na mimi nikanyamaza kama ulivyosema, ingawa ulimi uliniwasha. Alipomaliza nikamweleza ya wadi, ya kucha, ya miguu mitupu, ya mizigo. Mwanafunzi wake akagonga kioo, nikashuka. Tangu siku hiyo simu zangu hakupokea, nikajua basi, nimempoteza, lakini siku ya safari ilipofika nikafunga buti.

Stendi, asubuhi, namwona anakuja. Hakunisalimia mimi, hakumsalimia mwenzangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye basi, akazunguka, akapiga matairi teke moja moja, akainama akachungulia chini, akamwita dereva akamhoji kuhusu breki mpaka abiria wakadhani ni askari wa usalama barabarani. Kisha akanijia, akasema, "Tairi la nyuma kushoto silipendi, lakini litafika." Akaondoka. Mwenzangu akaniuliza, "Hiyo ni baraka au ni onyo?" Nikamwambia kwa mtoto wangu ni kitu kimoja.

Mshauri, kaskazini kukoje! Lami iliisha, tukahamia gari la kambi, tukaenda na kwenda, mawe meusi, miti ya miiba, mbuni wanakimbia kando yetu kama wamechelewa kazini. Mbingu kubwa mpaka unajisikia umepungua. Kambini tulipofika nilikwenda kulishika hema letu kabla sijashusha mzigo, na mwongoza wageni, mwanamke mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna, namsalimia mtoto wangu.

Siku tuliyopanda kilima ndiyo nataka uijue. Mwongoza wageni alisema juu kuna mahali unaona mto mkavu wote ambako tembo huchimba mchanga kutafuta maji. Mwenzangu amesimama maisha yake yote akisuka vichwa vya watu, magoti yake si mazima, katikati ya kilima akakaa juu ya jiwe akasema nendeni, nitawasikiliza mkinisimulia. Nikamwambia hatujaja huku usimuliwe. Nikamshika mkono, nikamvuta, akateleza, nikamvuta tena, tunahema kama garimoshi, tukafika. Chini hakukuwa na kitu, mchanga tu. Tukakaa.

Ndipo akaanza kulia. Nikadhani ni magoti.

"Nilijua ana watoto," akasema. "Hakunificha. Nilijua, na bado nikamfungulia mlango. Miaka yote hii wewe hujaniuliza na mimi nimejificha kwenye kutoulizwa kwako. Nisamehe."

Mshauri, jibu la neno hilo nilikuwa nalo. Nililitunga nikiwa kijana, kwenye mashine, nikaliongeza makali kila mwaka, lilikuwa refu na lilikuwa na matusi mazuri sana. Nikalitafuta pale juu ya kilima, sikulikuta. Nikamwambia, "Nimesikia. Nimekusamehe. Na si leo, ila leo ndiyo nimejua."

Mwongoza wageni akatugusa mabega, akanyoosha kidole. Kwanza niliona vumbi. Halafu vumbi likawa na migongo. Wakaja tembo, mshauri, wakaja na kuja, wakubwa mbele, watoto katikati wanakanyagana, masikio yanapepea, wanashuka kwenye ule mto mkavu bila haraka kama wenye nyumba wanaorudi kwao, wakaanza kuchimba, na maji yakatoka kweli, niliyaona yaking'aa. Hata mwongoza wageni alisema wengi namna ile kwa mara moja hajawahi kuwaona. Na mwenzangu huyu, aliyekuwa hawezi kusimama, akasimama, akapiga kigelegele.

"Mama, tafadhali! Wanasikia!" mwongoza wageni akashtuka.

Tembo mmoja mkubwa akainua kichwa akatutazama. Tukajitupa chini, tukaziba midomo kwa kofia, tunacheka mpaka mbavu zinauma, wanawake wawili wazima tumelala kifudifudi juu ya mawe, na yule tembo akatupuuza akarudi kunywa. Kama ningekufa pale, ungesikia nimekufa nimeshinda.

Tuliporudi, mwanangu alikuwa stendi. Akachukua begi langu. Akasimama. Akamtazama mwenzangu aliyekuwa na vumbi mpaka kwenye kope, akanyoosha mkono, akachukua na begi lake.

"Shikamoo," akamwambia.

Mwenzangu alikawia kuitikia mpaka nikamfinya. "Marahaba, baba," akasema.

Mwanangu alipotufikisha aliuliza kama kule kambini dereva anaruhusiwa kuingia na gari lake, maana mwakani angependa kutupeleka mwenyewe yeye na familia yake. Nifanyeje, mshauri? Nimkubalie?

MSHAURI ANAJIBU

Mshona Mahema, barua yako imenifanya nifunge mlango wa ofisi. Sina la kukukaripia, na hilo linanikera, maana ndiyo kazi yangu.

Mwanao mkubalie, awapeleke kaskazini, yeye na mke na watoto, wakati wowote, na apige teke matairi yote anayotaka. Nendeni, mkacheke, na huko njiani mwache azungumze na msusi wakiwa peke yao, bila wewe kumfinya mtu.

Lakini hiyo iwe safari nyingine. Ya kwenu wawili ibaki ya kwenu wawili, na mwakani muirudie. Nafasi za kiangazi huisha mapema, kwa hiyo funga barua hii, vaa viatu, na uende kwa wakala leo kabla hawajafunga. Msusi mpitie njiani.