Kompyuta Iliyojizima na Mwanamke Niliyemsingizia

Kinampanda, Iramba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao kutoka huku, ambako upepo wa kipupwe umeanza na walimu tunaingia darasani tumejifunga mitandio shingoni kama wagonjwa. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia umerudi kuchuma kahawa kwa mikono yako ingawa daktari alikukataza. Kukukataza ni kazi bure, nalijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo nauliza tu kama mchana unapumzika. Na Baba Mdogo, kifua chake kimetulia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa kuwa hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Nimekupigia zaidi ya mara moja nikiwa na nia ya kulisema jambo hili, lakini kila nisikiapo sauti yako ulimi wangu unapita pembeni: nakuuliza habari za mbuzi, tunacheka, tunaagana. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Naomba isomwe Jumapili mbele ya jumuiya yote, mkishamaliza sala, kwa sababu ninyi nyote mliisikia habari yangu ya kwanza, nayo haikuwa ya kweli. Imelda, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Usiruke mahali kwa kunionea huruma.

Wapendwa, mnajua kwamba shule yetu haikuwa na kompyuta, na kwamba kila mtihani tulikwenda kuuchapisha Kiomboi. Mwaka huu wazazi walichanga alizeti, kila kaya debe lake, tukaikamua na kuuza mafuta. Aliyeikamua ni Mama Msengi, mjane ambaye mashine yake iko ng'ambo ya barabara, ukitoka tu kwenye lango la shule. Mkuu wa shule alipomuuliza malipo yake, alifuta mikono kwenye khanga na kusema, "Wajukuu wangu wanasoma humo. Mnilipe nini tena?" Naomba neno hilo mlishike, maana mimi sikulishika.

Kwa fedha ya mafuta hayo nilinunua vifaa kimoja kimoja, vingine Singida mjini, vingine vikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam: kasha, bodi, kibao cha kumbukumbu kiitwacho RAM, feni, kioo na vinginevyo. Nikaviunganisha mwenyewe nyumbani kwangu wakati wa likizo, nikaiacha kompyuta ikiwaka kutwa nzima juu ya meza yangu, isilete tatizo lolote. Nilijiona fundi.

Kisha, Mama, nikakupigia simu kukuomba uifumie nguo. Kwetu redio ina kitambaa chake, luninga ina chake, hata jagi la maji lina kofia yake ya shanga. Sikuweza kuiona kompyuta ya shule ikikaa uchi mbele ya wageni. Ukaniuliza, "Na nyuma niache wazi?" Nikakujibu, "Funga kote, Mama, huku kuna vumbi. Na ndani uweke bitana nzito." Nguo ikaja, nyeupe yenye maua ya njano, ikakaa barabara kama gauni la Komunyo ya Kwanza. Walimu wenzangu walisimama kuitazama. Kuanzia siku tulipoihamishia ofisini, kompyuta ile haikuvuliwa ila nilipotaka kuifungua.

Wiki hiyohiyo vikaanza vituko. Jua likishapanda, katikati ya kazi, kioo kinakuwa cheusi, halafu mashine inaamka upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na ulichokuwa umeandika kimepotea. Mwalimu wa Hisabati alipoteza mtihani mzima. Niliichomoa RAM nikaisugua miguu yake kwa kifutio, nikairudisha. Niliweka Windows upya. Nilibadilisha waya wa umeme. Niliibeba hadi nyumbani, nikaivua, nikaifungua, nikaiwasha ikiwa wazi: haikuzima hata mara moja. Nikairudisha ofisini, nikaivisha, ikazima.

Hapo ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa kufikiri, si kwa kutofikiri. Nilijiambia: nyumbani inakubali, ofisini inakataa, ofisini kuna nini ambacho nyumbani hakipo? Nikainua macho dirishani, nikaiona mashine ya alizeti. Kila inapowashwa, taa ya ofisi hufifia kidogo. Hilo ni kweli, na kila mtu amelishuhudia. Nayo huwashwa jua likishapanda, wakati uleule wa vituko vyetu. Sikuuliza tena. Mwizi wa umeme wetu nilikwisha kumpata.

Sikwenda kwake, ingawa ni hatua chache. Nilisubiri mkutano wa kijiji, kwa sababu, nakiri mbele yenu, napenda kusimama mbele ya watu. Nilizungumza juu ya haki ya mtoto kupata elimu, juu ya jasho la wazazi waliochanga, juu ya mtu mmoja kutotanguliza faida yake mbele ya watoto wa wote. Mama Msengi aliinuka na kusema, "Mwalimu, mashine hii iko hapo kabla kompyuta yako haijazaliwa. Mbona redio ya duka haizimi? Mbona mashine ya kusaga haizimi?" Watu wakacheka, wakawa karibu kumkubali. Nikamjibu kwa upole, tena kwa tabasamu, kwamba vifaa vya kisasa ni vyepesi kudhurika na kwamba si kila mtu anaweza kulielewa hilo. Wakageukia upande wangu. Yeye akaketi. Mwenyekiti akaamua mashine isiwashwe hadi wanafunzi watakapokuwa wamekwenda nyumbani.

Jioni ileile nilikupigia, Mama, nikakusimulia jinsi nilivyoshinda. Mlinipongeza wote. Nilisikia hata vigelegele vya Shangazi.

Kesho yake palikuwa kimya. Niliketi kuchapa mtihani wa kidato cha pili, na kupitia dirishani nikaona watu wakifika na magunia yao kwenye mikokoteni ya punda, wakiambiwa jambo na Mama Msengi, kisha wakigeuza punda kuelekea Kiomboi. Wanaotoka mbali hawawezi kungoja hadi jioni. Bado nawatazama, kioo kikawa cheusi. Hapakuwa na mashine. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya upepo kwenye bati.

Nilipaswa kutoka pale pale, nivuke barabara. Niliinuka, nikafunga mlango kwa ndani. Waliponiuliza kama kompyuta imepona, nilisema, "Inaendelea vizuri kidogo." Nilifanya hivyo wiki nzima, magunia yakipita.

Hakuna aliyenionyesha kosa. Asubuhi moja, katika kuinuka, niliegemea kasha kwa kiganja, nikaona nguo ina joto kama kifua cha mtoto mwenye homa. Nikaivua. Feni za nyuma zilikuwa zikihema kwenye bitana. Hewa yote ya moto ilikuwa ikirudi ndani, na mashine ikijizima ili isiungue. Niliiacha wazi, ikafanya kazi hadi kengele ya mwisho. Siku iliyofuata niliivisha makusudi. Haikumaliza hata ukurasa. Mama, usijilaumu hata kidogo. Wewe uliuliza. Ni mimi niliyesema funga kote.

Nilimkuta Mama Msengi nyuma ya kibanda chake akipepeta mashudu ya alizeti. Hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, umekuja kuifunga na jioni?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mama." Nikamweleza yote, hadi bitana.

Aliacha kupepeta. "Nguo?"

"Nguo."

"Mimi nimekosa wateja kwa ajili ya nguo?" Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunishirikisha. Kisha akasema, "Siku ile ulisimama mbele ya kijiji, ukasema maneno ya kupendeza sana, hata mimi mwenyewe nikaanza kujishangaa. Leo unaninong'onezea nyuma ya kibanda. Hapa nani anakusikia? Kuku?"

Nikamwuliza anataka nimlipe nini.

"Sitaki kulipwa. Jina langu ulilipeleka wapi na wapi? Kalichukue huko kote unirudishie."

Mkutano uliofuata niliomba nafasi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye mwanzo wake na mwisho wake. Nilipoanza kwa kusema, "Ndugu wananchi, maisha ni safari ya kujifunza," mzee mmoja wa mbele akaniambia, "Mwalimu, fupisha. Siku ile ulisema sana." Basi nikafupisha. Nilisema kwamba mashine ya Mama Msengi haikuwa na kosa, kwamba niliifunika kompyuta hadi ikakosa pumzi, na kwamba nilijua wiki nzima kuwa yeye si mkosaji nikanyamaza. Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe ilikuwa imevaa sweta!" Mkutano mzima ukaanguka kicheko. Sasa vijana wakiniona njiani huniuliza, "Mwalimu, leo baridi, umeifunika vizuri?" Nawaitikia. Hayo nayavumilia. Nisilolivumilia ni kwamba Mama Msengi hakucheka. Amri iliondolewa palepale, na mashine inanguruma tena ninapoandika, lakini mavuno yanaishia, na baadhi ya wateja wake wamekwisha kuzoea Kiomboi. Kila asubuhi namwamkia, ananiitikia marahaba, anaendelea na kazi yake. Siwezi kumdai zaidi ya hapo.

Nilipokuwa nikihesabu mahali nilikolipeleka jina lake, nilifika kwenu nikasita. Nilijiambia kwamba ni mbali mno, kwamba hamtamwona kamwe, kwamba itatosha niwaache na mwana wenu mliyemshangilia. Nilimweleza Mama Msengi hivyo. Akaniuliza, "Huko kwenu hakuna watu?" Ndiyo maana mnasikia haya leo.

Nisalimie Baba Mdogo, ambaye alinifundisha kusema ukweli kwa sauti ya kawaida, nami nikajifunza sauti tu. Nisalimie Shangazi, mwambie vile vigelegele navirudisha kwake kwa heshima. Salamu kwa Imelda, aliyesoma hadi hapa bila kuruka, natumaini.

Na kwenu ninyi wa jumuiya: Mama aliniambia kwamba usiku wa ushindi wangu mlimwombea yule mwanamke, Mungu aulainishe moyo wake. Anaitwa Eliwaza Msengi. Naomba leo mumtaje tena kwa jina hilo, mumwombee afya na wateja. Moyo wake mwacheni kama ulivyo. Moyo uliohitaji ombi lile la kwanza ulikuwa wangu.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu na kukukumbuka,

Gaudensi