Mkate wa Mgahawa wa Pili

Wifi yangu,

Huku likizoni hatujambo, ni miguu tu inayolalamika. Asubuhi tulikwenda makumbusho, tukakuta yamefungwa kwa ukarabati. Tukapanda boti ya kukanyaga ziwani. Kaka yako akaielekeza kwenye matete, ikabidi tuvutwe kwa kamba kama ng'ombe wa mnada. Mchana tukala samaki aliyetiwa chumvi kana kwamba anarudishwa baharini.

Jioni mgahawa wa pili ukatutoa kimasomaso. Mkate ulipoletwa, kaka yako akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole na kuusikiliza, kama afanyavyo kazini. Akaomba kumwona mwokaji. Alirudi kutoka jikoni ana unga mabegani, anakohoa, anatabasamu.

Unajua tangu daktari amwambie vumbi la unga limemharibu kifua, aache kuoka, hataki hata kulisikia jambo hilo. Basi akaketi, akasema, "Yule mama ana mkono. Tanuri letu nitamwachia mtu kama yule."

Nikajifanya nasoma menyu, wifi, na chakula tulishaagiza.

Akikupigia kukuambia, jifanye ndiyo kwanza unasikia.

Ni mimi,
mke wa kaka yako