Uso wa Doto

Doto wangu,

Sisi wazima, ila bomba la jikoni bado linavuja. Picha uliyopiga baada ya zile sindano za uso imefika. Shemeji yako aliikodolea macho mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Kumbe pacha wako ni mdogo hivi!" Nimekutangulia dakika kumi tu!

Jana nikaenda kliniki ya ngozi. Daktari alinieleza kwamba uso utavimba siku mbili tatu, na mng'ao utakuja baada ya wiki kadhaa. Akauliza nataka niweje. Nikampa picha yako.

Akatabasamu. "Ulikuwa mrembo kweli ujanani, mama."

Nikarudi bila kuchomwa. Picha nimeifukia chini ya mashuka. Usitume nyingine. Niambie tu ulichomwa mara ngapi.

Pacha wako mkubwa,
Kurwa