Taa Iliyochukua Njia Panda Yangu

Oyugis, Ijumaa

Na hiyo taa nayo. Miaka yote hii ni mimi na filimbi yangu tuliosimamisha magari hapa njia panda, bila kutumwa na mtu. Sasa wameweka taa yenye kamera, inahesabu magari na kuamua yenyewe nani apite.

Anayeniudhi zaidi ni Min Achieng, yaani mama Achieng, muuza chai wa pale pembeni. "Jaduong', mzee wangu, hii taa haitukani dereva," aliniambia leo.

"Basi iuzie chai," nikamjibu. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa taa.

Mchana ukaja msafara wa maiti kutoka mochari, magari mengi yamefungwa matawi mbele. Nikaomba moyoni taa iukate katikati, Min Achieng aone. Mimi mwenyewe niliwahi kuikata misafara mara nyingi, nikisalimiana na madereva, waombolezaji wakafika kaburini nusu nusu.

Taa ilikaa kijani mpaka gari la mwisho likapita.

Nilishikwa na wivu. Nikaivulia taa kofia. Watu walidhani ninamheshimu marehemu.