Kiluwiluwi Wako Ameota Miguu

Tonton,

Mabata wa jirani, mjomba wangu, waliwala viluwiluwi wako wakubwa wote. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo litakalokuuma kuliko habari za Tantine, mjane wako, kulala sebuleni, kuliko shati lako la kola nyeupe ambalo binamu zako wa Kindu waligombania kabla hujapoa.

Ilikuwa siku ya pili ya matanga yako. Wanawake walitafuta vyombo vya kuoshea pondu, majani ya muhogo. Mmoja akazunguka nyuma ya nyumba, akaona mabeseni yako chini ya bati, akasema, "Hii maji iko chafu, iko na vidudu," akayamwaga uani. Nilifika nikikimbia. Viluwiluwi wale wanene, uliowapa vyeo vya wenzako wa chuo, Bwana Recteur, Bwana Doyen, walikuwa wanajipiga juu ya tope na mabata wanawadonoa. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikacheka, Tonton. Nilicheka nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani, mpaka wakanishika mikono wakidhani huzuni imenipanda akilini.

Wadogo walibaki wamenata ndani ya beseni, kwenye kitako chake. Niliwaokota kwa kijiko cha chai, nikawatia katika sufuria ya maji ya mvua.

Unawajua wadogo hao. Mayai ya chura mmoja yanaanguliwa pamoja. Wachache wanavimba na kuota miguu, wengine wanakula chakula kilekile na wanabaki na mikia, wembamba kama uzi, mpaka wanakufa. Uliwafundisha wanafunzi wa biolojia, kizazi baada ya kizazi, kwamba hao wamezaliwa dhaifu, kwamba uchanga wao umo ndani ya damu. Mimi nilikuambia: labda ni maji. Labda wakubwa wanatoa kitu majini kinachowazuia wadogo. Niliomba tuwatenge tu, tuone. Ulikuwa unakula tunda la safu, hata kichwa hukuinua. "Maji ya beseni iko yangu. Wewe chota tu."

Nikachota. Ujana wangu wote nimechota.

Unakumbuka tulivyokwenda Yangambi, kwenye mkutano wa watafiti? Ndani ya mtumbwi mvua ilitukuta, ndoo ya viluwiluwi iko kati ya magoti yangu, ukanifunika kwa mwavuli wako ukalowa wewe. Nalikumbuka bega lako lile lililolowa. Ningependa kulisahau. Kwa sababu mchana uleule, ukumbini, mtafiti mmoja aliuliza swali, nami nikamjibu kabla yako, na nikamjibu vizuri. Ukacheka. "Bon, huyu musimusikilize. Iko muchanga. Mukia yake haiyakatika." Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mademoiselle, geuka basi tuone!" Ukumbi ukavunjika mbavu, na wewe ukacheka kuliko wote, ukifuta machozi kwa leso niliyokupigia pasi mimi.

Muchanga. Neno hilo nililipata nilipoomba kwenda kusoma Kinshasa. Nililipata mbele ya yule kijana wa Banalia aliyetaka kunioa, siku aliyokuja kujitambulisha, akaondoka bila kumaliza soda yake. Nililipata kila nilipoomba kutetea tasnifu yangu. "Ungoye miguu iote."

Basi sikia. Katika sufuria ile, kabla ya arobaini yako, miguu iliota. Kwanza vitone viwili nyuma ya tumbo, kisha vikawa mapaja, kisha asubuhi moja nikamkuta mmoja ameketi ukingoni mwa sufuria ananitazama. Nililia vile ambavyo sikulia makaburini.

Ajali si sayansi. Ulinifundisha wewe, na ni kweli. Kwa hiyo nilikwenda kwenye dimbwi letu, barabara ya Banalia, nikachukua mayai ya chura mmoja, nikayagawa. Waliopata maji safi waliota miguu. Waliopata maji yaliyotoka kwa wakubwa, maji matupu, bila mkubwa hata mmoja ndani yake, walibaki na mikia. Nikarudia. Ikawa vilevile. Hawakuzaliwa dhaifu, Tonton. Ni maji.

Lakini kuna beseni la tatu. Humo nimeweka wale niliowaacha muda mrefu mno katika maji ya wakubwa ndipo nikawahamishia maji safi. Hao wananenepa. Wanakua, wanawapita wenzao wote kwa ukubwa, lakini hawakomai. Tumbo tu, mkia tu, majini hawatoki. Nawaangalia na najiuliza nilikuwa mkubwa kiasi gani mama yangu, dada yako, aliponitoa Kindu akanikabidhi kwako. Najiuliza kuchelewa kunaanzia wapi.

Wiki ijayo natetea. Aliyechukua nafasi yako amenishauri niiondoe sura ya maji. "Usimwaibishe marehemu," aliniambia. "Na wewe uko muchanga bado kwa kubishana na mufu." Unaona? Umekufa, na maji yako bado yamejaa. Tantine naye amenieleza bila kuficha: nikisema mbele ya watu kwamba ulikosea, nisirudi kulala kwake. "Ulikula kwa sahani yake." Ni kweli, nilikula. Hata wale wadogo walikula, Tonton. Chakula hakikuwa shida yao.

Nimefunga mizigo yangu. Sura inabaki. Nitasimama, nitalitaja jina lako lote na vyeo vyake vyote, kisha nitasema: alikosea. Sijui kama miguu itanibeba. Isiponibeba, nihesabiwe pamoja na wale wa beseni la tatu, na hilo nalo liandikwe.

Kila aliyetuma pole aliandika kwamba udongo ukuwie mwepesi. Mimi sikuandika hivyo. Siku ya mazishi walinizuia hata kutupa konzi yangu kaburini: wakubwa kwanza, watoto nyuma. Wakubwa hawakuisha. Nilirudi baadaye peke yangu, nikachota kwa mikono miwili, nikakumwagia polepole, nikachota tena. Na pale hakuna udongo, wewe hukuona. Ni mchanga mtupu, mweupe, unapita kati ya vidole.

Nakuahidi nitakuja kila mvua zinapoanza, viluwiluwi wanapoanguliwa, nikuambie nani ametoka majini na nani amebaki. Nitakuambia hata kama aliyebaki ni mimi. Wewe hutaongeza neno.

Lala sasa, Tonton. Leo wewe ndiye uko muchanga.