Kreti la Jumapili

Mayu wangu, Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ni mimi, Kabula wako. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike nyuma ya nyumba, mvua zimekwisha, na Baba amezeeka zaidi kwa miezi hii mitano kuliko miaka yote niliyomfahamu.

Nianze na la kwangu, maana ndilo linalonikaba. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja nyumbani Mhunze kila Jumapili kutoka machimboni Mwakitolyo? Mgahawa wangu ulikuwa umeshika, wachimbaji wanagombania chipsi zangu, na mimi nikaona lazima watu wa nyumbani wajue. Mtu wa machimbo akirudi kwao mikono mitupu anasemwa. Basi nikawa nafunga kreti la soda nyuma ya bodaboda, pamoja na mchele na chapati, na dereva namwambia apite njia ya sokoni, ingawa ni ndefu, ili tuonekane. Unanipokea mlangoni ukinishukuru na kuniita mama, "Wabeja, mayu, wabeja sana," unafungua moja palepale na kuinywa nikikuangalia. Nilikuwa nafurahi sana, Mama. Nikiikumbuka furaha ile sasa naona aibu.

Kwamba una sukari nilijua. Nesi wa zahanati alikwambia ule ugali wa mtama, nsansa na maharage, uachane na soda, na wewe ukanieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi. Nikacheka. Nikasema mama mwenye mtoto mwenye mgahawa hawezi kurudia nsansa, majani ya kunde makavu, vyakula vya mwaka wa njaa. Soda moja itakufanya nini? Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu. Hata kidonda cha mguu kilipokataa kupona ukalazwa, nilikuja wodini na mkate na soda mbili, kama tunavyokwenda kuona wagonjwa siku zote. Nesi alizitazama zile soda, akanitazama mimi.

Sasa mgahawani napika dona, mlenda, dagaa, na maharage yasiyoogelea kwenye mafuta. Sukari nimeitoa kwenye birika la chai, kila mtu ajiwekee mwenyewe. Siku ya kwanza walinicheka mpaka basi. "Dada Kabula, umefungua zahanati?" Wengine wamehamia kwa jirani. Waliobaki nawafokea kama watoto wangu, na wanakula huku wananung'unika.

Lakini Baba, Mama. Baba naye amepimwa, ana sukari. Jumapili moja nilimpikia ugali wa mtama na nsansa, akasukuma sahani. Nikambembeleza, akakataa. Nikamfokea, baba yangu mzazi, nikamwambia Mama angefuata masharti leo angekuwa hai. Ndipo Baba akasema, "Mama yako alikuwa anafuata. Mtama alikula kila siku, ukija wewe anaficha sufuria chini ya kitanda. Soda nilimwambia amwage. Akasema hapana, mtoto wangu amezitolea jasho. Akawa anamaliza kreti ili Jumapili usilikute limejaa."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kwa nini hukuniambia? Ungenipiga. Ungenisema mbele za watu palepale sokoni. Ningenuna siku mbili, basi. Na mimi nilivyokuwa nayakuta yale machupa matupu, nikakusifu, "Mama, kumbe unazipenda hivi, wiki ijayo naongeza." Nikaongeza kweli, Mama.

Baba hakunilaumu. Alivuta ile sahani akala matonge matatu, nadhani kwa sababu nilikuwa nalia. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Niliona anafanya kama wewe, anakula ili anifurahishe mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda bila mzigo wowote, kwa njia fupi, nikashukia mlangoni watu wakishangaa mikono yangu mitupu. Nikakaa naye, nikamuuliza, "Baba, wewe mwenyewe unapenda kula nini?" Alijikuna kidevu kama mtu aliyeulizwa habari za zamani. Akasema choroko za kuchemsha, zikiwa na nyanya nyingi. Tulikwenda kwa nesi tukamuuliza, akasema hizo anaweza, asizidishe tu. Nikampikia. Alikula polepole, akaomba nimwongeze kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nikamsikia anaongea na mbuzi wake jioni ile.

Nimetimiza miaka arobaini ndipo najua chakula anachokipenda baba yangu.

Pumzika, mayu wangu. Nakuahidi nitakuwa namuuliza kabla ya kuwasha moto, na akisema hataki nitamsikiliza, hata nikiumia. Kwaheri, Mama. Wewe ulikuwa unapenda nini? Nilikuletea vitu miaka yote ile, na sikukuuliza hata mara moja.

Mwanao,
Kabula