Mpira Wangu Unajua Kulia Tu

Woolwich, Jumapili baada ya ibada

Mpendwa dadangu Akinyi,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Hujambo? Umelala vipi huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Najua swali la mgongo ni la kipuuzi sasa, lakini miaka yote hiyo ndilo nililokuwa nikianza nalo, na nikiliruka kalamu haisogei. Mimi sijambo. Yaani nakula, nalala, naenda kazini, na kanisani sikosi. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakudanganya, kwa hivyo usiniharakishe, ngoja nifike.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu unabaki tiki moja. Nilikutumia meseji siku walipokupeleka uwanja wa ndege, nikakutumia nyingine ya Pasaka, zote tiki moja. Dada yako wa tumbo moja aliizima simu yako akaitia katikati ya nguo. Iko kwenu sasa, pamoja nawe.

Unajua sikufika kukuzika. Pasipoti yangu ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji. Nilitazama mazishi kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mteja, sauti nimeipunguza ili mzee asiamke. Walipofika mahali pa kutupa udongo, picha ikaganda. Mkono wa kaka yako ukabaki hewani na udongo ndani yake. Iliporudi, watu walikuwa wanaimba na kuondoka. Kwa hivyo mimi, dada, huo udongo sijauona ukianguka mpaka leo.

Na sikulia. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Kwenye maombolezo yako kule Lewisham, mama mchungaji alikaa karibu nami jioni nzima na pakiti ya karatasi za kupangusa machozi. Alirudi nayo nyumbani haijafunguliwa. Watu walinitazama. Wengine walidhani nimejaa imani, wengine labda walidhani sikukupenda. Mwanangu Mutinda alinipigia kutoka Leeds. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba kifua kimefunga kama mlango. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa, kama mtu wa benki, kwamba nipumzike.

Kazini wameweka mtu mahali pako. Wangefanyaje, kazi ya kugeuza wagonjwa ni ya wawili. Wakumbuka tulivyokutana? Yule mzee mzito wa Plumstead, wewe upande wa kushoto wa kitanda, mimi upande wa kulia, hatujaambiana hata majina. Nilimshika bega nikavuta. Ukanitolea macho, "Mama, huyu si gunia la viazi! Mgeuze kama unageuza chapati!" Mzee hakujua Kiswahili lakini alicheka, kwa vile ulivyokuwa umenikazia uso. Tangu siku hiyo upande wa kushoto ukawa wako.

Sasa anasimama hapo Mama Furaha, anatoka Bukavu. Ni mtu mpole, mikono yake ni mizuri. Ananiuliza, "Mama Rhoda, tumugeuze?" Mimi najibu "ndiyo", basi, maneno yamekwisha. Siku moja aliniletea sombe, kile kisamvu cha kwao, kwenye kopo, bado ya moto. Nilimwambia nimeshiba. Nilikuwa na njaa, Akinyi. Nilikwenda kula mkate wangu kwenye kituo cha basi, peke yangu, upepo unanipiga.

Sasa nifike kwenye gofu, maana najua umekaa hapo unangojea gofu.

Huwa nakumbuka siku uliponishusha kwenye basi kabla ya kituo chetu, tumetoka kazini na viatu vya kazi. Ukasema pale kuna uwanja wa gofu wa umma, mtu yeyote anaingia. Nikakwambia gofu ni ya wazungu na mawaziri. Ukaniambia baba yako alikata nyasi za gofu kule mashamba ya chai, na jioni mabwana wakienda zao nyinyi watoto mlipiga mipira mpaka giza. Sikuamini. Ukaazima fimbo, ile ya namba saba, ukavua koti, ukapiga. Mpira ukatoka kama unaelekea barabarani, halafu ukapinda kushoto, ukarudi, ukatua karibu na bendera kama umeitwa. Nikasema, "Yesu!" Ukasema, "Huyo hakuhusika, ni miguu."

Wewe mpira ulikutii pande zote mbili. Ulikuwa kama mtu kwenye sinki la nyumba za hapa, bomba la moto huku, bomba la baridi kule, unafungua unalotaka. Mimi wangu ulikuwa mmoja. Nalenga kushoto, unaondoka kwenda kushoto, halafu huko hewani unakumbuka kitu, unapinda kulia, unashuka polepole. Kila siku hivyo hivyo, mvua au jua. Ulinifundisha ule wa kupinda kushoto, ukachoka. "Rhoda yawa! Mpira wako unajua kulia tu! Hata siku ya furaha unalia!" Ulicheka hilo neno lako mpaka ukashika mti. Nami nikakwambia, uache ulie, bora najua utalilia wapi.

Hatukumaliza ubishi huo. Ulisema mtu wa mpira mmoja ipo siku atakuta mti mbele yake. Nikasema nitauzunguka. Ukasema, na upepo je? Nikasema Mungu alinipa mmoja, nitautunza huo. Ukasema, "Mungu huyo huyo alikupa mikono miwili." Yule mzee anayekaa dirishani, anayetuuzia tikiti za kuingia, alidhani tunagombana kweli. Siku moja alitutolea chai ili atupatanishe.

Lakini kwenye yale mashindano ya wawili wawili, ya mwisho wa majira ya joto, ubishi ulikuwa unakwisha wenyewe. Mpira mmoja, watu wawili, zamu kwa zamu. Wewe ulianza shimo la pili, la nne, la sita, kwa sababu la sita linapinda kushoto nyuma ya ile mialoni mitatu. Mimi niliyedhani mialoni iko Kanaani tu! Pale mpira wangu haukuwa na njia. Wako ulizunguka miti ukafika. Na yale mashimo yanayopinda kulia yalikuwa yangu. Hatukushinda hata mara moja, lakini mwaka ule tulipowapita wale polisi wawili wastaafu uliimba kwenye basi mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

Dada yako alinipa mfuko wako wa fimbo. Ile saba yako bado ina utepe mwekundu uliouzungusha mahali pa kushika. Nilikaa nayo jikoni. Nikafikiri hivi: nikijifunza mpira wako wa kushoto, shimo la sita litachezwa kama ulivyolicheza, na wewe hutakuwa umeondoka kabisa. Nikaanza kwenda kila siku ya mapumziko. Miguu nikaielekeza kulia kama wewe, mikono nikaizungusha kama wewe. Siku mpira ulipopinda kushoto mara ya kwanza nilipiga kelele, nikageuka nyuma kukuangalia. Mfuko tu ndio uliokuwa umesimama pale.

Baadaye nikataka kupumzika kidogo, nikarudi kwa mpira wangu. Nikalenga kushoto kama siku zote. Ukaenda kushoto, ukazidi kushoto, ukaingia mitini. Nikapiga mwingine, huo ukakimbia kulia mpaka karibu na barabara ya mabasi. Mwingine kushoto tena. Akinyi, mpira wangu ulipotea. Nikisimama pale sijui ni upi utatoka, wako au wangu, na asiyejua hilo hawezi kulenga popote, kwa sababu kila upande una hatari. Wewe ulikuwa na njia mbili na ulizijua. Mimi nilikuwa na mbili na sikuwa na hata moja.

Niliomba. Usinicheke, niliombea gofu. Nilimwambia Mungu, rafiki umemchukua, machozi umeyachukua, sasa hata hiki kimpira? Ndicho kitu pekee katika mji huu nilichokuwa nakijua vizuri nje ya kazi na kanisa.

Mzee wa dirishani aliniuliza tangu mwanzo, yuko wapi yule rafiki yako mwenye kicheko. Nikamwambia umesafiri. Ndilo neno lililotoka. Naye kila nikipita anauliza, amerudi? Nami nasema bado. Kumbe bila kuniambia alikuwa ametuandika kwenye mashindano, majina yetu pamoja, ili ukirudi ukute nafasi yako.

Mashindano yalikuwa jana.

Nilifika na mifuko miwili, wako na wangu, kama punda. Akatoa kichwa dirishani akitabasamu, akaangalia nyuma yangu. Nikamwambia, "Hatarudi. Alikufa." Kwa Kiingereza maneno hayo ni mafupi sana, dada, yalitoka kabla sijajiandaa. Akavua kofia yake. Akatoka nje kwa mlango wa pembeni, akachukua mfuko mmoja begani, akanisindikiza hadi mwanzo wa uwanja. Akaniambia nitembee nyuma ya watu wa mwisho, nicheze tu, hakuna atakayenihesabia.

Basi nikacheza kwa zamu. Mashimo yako nikaanza na saba yako, yangu nikaanza na fimbo yangu ile ya kichwa kinene. Vibaya, vibaya sana. Kushoto, kulia, kwenye mitego ya mchanga. Kwenye mchanga wa shimo la nne nilimkuta yule mbweha uliyezoea kumsalimu amelala, akanitazama kama mwenye nyumba.

Nikafika la sita. Zamu yako. Nikachomeka kile kijiti chini, nikaweka mpira juu yake, nikarudi nyuma hatua chache nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Haya Akinyi, zamu yako." Nikangoja. Watu wa mbele walikuwa wameshapotea nyuma ya mialoni. Wale kasuku wa kijani waliojaa miti ya hapa walipiga kelele juu, wakaruka, wakaenda. Mpira ukabaki pale pale, mweupe, juu ya kijiti. Nilingoja muda ambao mtu akiniona angenionea huruma. Hakuna mkono uliokuja kuupiga.

Nikairudisha saba yako kwenye mfuko wako, nikafunga zipu. Nikachukua fimbo yangu. Nikaelekeza miguu kushoto kama zamani, sikufikiri kitu, nikapiga.

Ukaondoka kwenda kushoto, ukielekea miti, nikasema basi. Halafu huko hewani ukakumbuka. Ukapinda kulia, polepole, ukaipita mialoni kwa mbali, ukashuka upande ule wa uzio, mbali na bendera, mahali pabaya kabisa pa kuifikia, pale pale ulipokuwa ukishuka siku zote.

Nami nikalia. Nilikaa kwenye majani mabichi na sketi yangu ya kanisani, nikalia kwa sauti, nikalia ule udongo, nikalia mkono wa kaka yako. Ungekuwepo ungesema, "Haya sasa, mpira na mwenyewe!" Nililia mpaka nikacheka, halafu nikainuka nikaenda kuutafuta mpira wangu. Ilinichukua mapigo mengi kufika kwenye shimo. Nilifika.

Leo asubuhi kabla ya ibada nilikuwa zamu na Mama Furaha. Tulipomaliza kumgeuza mzee, nikamwambia ng'ambo ya kitanda, "Mimi nina rafiki yangu alikuwa anasimama hapo ulipo. Amekufa." Akasema, "Nilijua, mama. Nilikuwa nakungojea tu." Tukashuka tukala sombe yake kwenye ngazi, zile zile nilizokalia nikitazama mazishi yako. Ina mafuta mengi, lakini ni tamu. Akaniuliza ule mfuko mrefu ninaobeba una nini. Nikamweleza. Akasema gofu ni ya wazungu na mawaziri.

Sasa nikuage, dada, maana shifti ya jioni inaniita. Nakuahidi hivi. Sitaupiga tena mpira wako. Ule wa kushoto ulikuwa wako, ulikwenda nao, na mimi nitautunza wangu mmoja. Kwenye la sita nitazunguka njia ndefu kila wiki mpaka miguu ikatae. Jumanne nitampeleka Mama Furaha, nitamwazimia fimbo pale dirishani ajaribu, na ukipinda kokote nitamwacha. Saba yako simpi. Nitampa siku moja labda, lakini bado.

Ulale salama mikononi mwa Bwana mpaka tuonane. Kule nako, kama kuna nyasi, nishikie zamu.

Lakini wewe ulikuwa mvivu wa kujibu meseji tangu uhai wako, unasoma halafu unanyamaza hadi kesho. Safari hii usinifanyie hivyo. Nakuomba unijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Rhoda